Mpira Ulioganda Pamoja na Samaki

Walisema sitaweza. Fundi baiskeli mwenye kibanda mbele ya nyumba yetu alisema nitaunguza mikono yangu kwanza, kisha mtaa mzima. Shemeji yangu, karani asiyetoka nje bila shati jeupe, alisema huko Ubelgiji nilikuwa nafagia tu, na diploma niliyorudi nayo inauzwa sokoni kama picha za watakatifu. Na mzee mmoja wa parokia, mtu mwema kabisa, alinishika bega akanihurumia, akiliita tairi pine kama tusemavyo huku: "Mwanangu, muntu mweusi anaweza kuendesha pine, anaweza kuibandika kiraka. Kuizaa mara ya pili, ile iko kazi ya bazungu."

Nawakumbuka wote watatu bila chuki. Mtu akikuambia hutaweza, amekupa kuni bure.

Mimi ni mtoto wa Kasai niliyezaliwa Katanga. Baba yangu aliletwa na kazi ya reli. Ubelgiji nilikwenda kama mpishi wa familia moja, na familia hiyo iliponiacha sikulia. Nilipata kazi kwenye kiwanda cha vitu vya mpira. Mchana nilisimama kwenye mashine za kukandia, jioni nilikaa darasani na vijana waliozaliwa wakisikia habari za mashine mezani kwa baba zao. Niliwapita. Sisemi kwa kujisifu, nasema kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, na diploma iko ukutani kwangu hadi leo kwa anayetaka kusoma.

Nilirudi Lubumbashi, wakati ule bado ikiitwa Elisabethville, nikakuta Katanga imejitenga na barabara zina vizuizi. Sisi wa Kasai tulihesabiwa maadui, na wengi wa kwetu walikuwa wamepanda treni kurudi Kasai, au wamekimbilia kambini na magodoro yao. Mimi nilibaki, upande ule ambao siku hizi wanauita Hewa Bora, kwa sababu majirani wa makabila mengine walisema nibaki. Lakini kila asubuhi nilifungua mlango nikiangalia kwanza nani yuko barabarani.

Jambo nililoliona mimi, na wengine hawakuliona, lilikuwa chini ya magari. Kamyo zote za mji zilikuwa zinatembea kwenye matairi yaliyokwisha, laini kama upara. Tairi jipya likivuka mpaka, askari walikuwa nalo kabla halijafika dukani. Kumbe tairi halifi lote. Mwili wake hudumu. Kinachokufa ni ngozi inayogusa barabara. Unakwangua ile ngozi, unavisha ukanda mpya wa mpira usioiva, unaufunga ndani ya fomu ya chuma, unaupika kwa mvuke. Likitoka, linakwenda tena. Hiyo ndiyo kazi niliyosomea.

Fomu niliinunua Ndola kwa jasho langu mwenyewe. Mtungi wa mvuke niliutoa kwenye nyumba ya kufulia nguo ambayo mwenyewe aliikimbia. Kilichobaki kilikuwa mpira, na kwa mpira mfuko wangu uligota chini.

Hapo ndipo nilipokwenda kwa mama wa samaki. Wanawake waliokuwa wanauza samaki wa Kasenga walikuwa na likelemba yao: kila mmoja anatoa sehemu yake, na chungu kizima kinakwenda kwa mmoja, zamu kwa zamu. Mkubwa wao alikuwa mwanamke mnene, mjane, mwenye sauti ya kusimamisha kamyo. Niliwaeleza kwamba samaki wao wanaoza Kasenga kwa sababu kamyo hazina matairi, na kwamba mimi peke yangu katika mji huu ninaweza kuzirudisha barabarani. Walibishana siku nzima. Mwisho wake walinipa zamu zao, mama baada ya mama, hadi hakuna aliyebaki na akiba nyumbani. Yule mjane alisema mbele ya wote:

"Weye mutoto wa Kasai, sikia muzuri. Ile makuta si ya kwetu. Iko ya tumbo ya batoto. Ukiikula, hatutakupeleka ku tribunal. Tutakuja sisi benyewe."

Wakacheka. Mimi pia nilicheka, lakini nilielewa. Mtu wa Kasai aliyekula pesa za wanawake wa mjini, miaka ile, hakuhitaji hakimu.

Mpira ulikuja kutoka ng'ambo ya mpaka, kanda nene nyeusi zilizokunjwa, tayari zimechanganywa na salfa. Niliwaonyesha akina mama. Niliwaambia kwamba mpira huu haujaiva, kwamba salfa imelala ndani yake kama moto ndani ya kiberiti, na joto likizidi litaanza kuupika kabla ya wakati wake. Kisha nilikwenda Likasi kutafuta mabomba ya mvuke.

Nikiwa huko, uvumi ukavuma mtaani kwetu kwamba askari wanapekua nyumba za Bakasai. Akina mama hawakusubiri. Walikuja na mikokoteni, wakabeba mpira wote wakaenda kuuficha mahali ambapo hakuna askari angependa kuingiza pua: chumba cha baridi cha samaki, kilichojengwa na mfanyabiashara Mgiriki na ambacho wao walikuwa wakikikodi. Si kuficha tu. Nilikuwa nimesema joto linaharibu, na mwanamke wa samaki anajua dawa ya joto ni nini. Waliupanga chini kabisa, ukutani penye barafu, wakafunika kwa masanduku ya samaki, wakajipongeza.

Niliporudi ulikuwa msimu wa baridi, Juni, ile baridi ya Katanga inayoumiza vidole alfajiri. Nilimkuta mjane uani kwangu, na pamoja naye mzee mwingine, si yule wa parokia, mwenye kamyo ambayo ilikuwa iwe ya kwanza kuvishwa. Mzee huyu alikuwa mtu wa kaskazini, mstaafu wa reli, Mkatoliki wa kwenda misa kila siku, na mdomo wake haukuwa na kizuizi. Mbele yao kulikuwa na kanda za mpira. Mzee aliinua moja akaigonga chini. Ililia ko! kama ubao.

"Bwana Diplome," alisema, "kauchu yako imekufa."

Niliishika. Haikukunjika. Juu yake kulikuwa na unga mweupe, na ilinuka samaki.

Mjane hakuwa na ile sauti yake ya kamyo. "Ni miye," alisema taratibu. "Miye njo nilisema baiweke mu frigo. Angalia, imeota hata ukungu. Ba mama benzangu bananingojea pale inje. Nitabaambia nini?"

Nilitazama nje ya ua. Walikuwa wamekaa kwenye mstari chini ya ukuta, mabeseni matupu miguuni, bila kuongea. Wanawake wa samaki wasioongea ni kitu cha kutisha. Nyuma yao fundi baiskeli alikuwa ameacha kazi yake ili aone vizuri.

Nitaeleza nililolijua mimi, ambalo nadhani hakuna mwingine aliyelijua kutoka pale hadi Kasomeno, kwenye barabara ya Kasenga. Mpira ni nyuzi, ndefu mno, nyembamba kuliko jicho linavyoweza kuona, zimevurugika kama sufu ya kondoo. Kwa sababu zimevurugika, zinavutika na kurudi. Zikikaa kwenye baridi kwa muda, zinaanza kujipanga, moja kando ya nyingine, kama wanajeshi kwenye gwaride, na mahali zilipojipanga mpira unakuwa mgumu. Kule Ubelgiji, wakati wa theluji, mizigo ya mpira ilifika kiwandani migumu kama mawe ya ujenzi, na hakuna aliyelia. Tuliiingiza kwenye chumba cha joto hadi ilipolegea. Kilichofanywa na baridi kinarudi. Kinachofanywa na moto hakirudi. Salfa ikishaamka, inazifunga zile nyuzi mafundo, na mafundo hayo hayafunguki hata uombe.

"Haikufa," nilisema. "Imeganda."

"Basi iweke ku moto!" alisema mzee. "Mbabula iko pale. Convoi ya kamyo za Kasenga inatoka, na askari benye kuisindikiza habangojee muntu."

"Ukiweka huu ku moto, Baba, juu utaiva na ndani utabaki umeganda. Hapo ndipo utakufa kweli, na makuta ya ba mama pamoja nao."

"Banasema vile mu diplome?"

"Ndiyo, Baba. Kwa wino mweusi."

Nilitoa kitanda changu nje. Chumba changu cha kulala kilikuwa na dirisha dogo na dari ya mbao, kilishika joto vizuri. Nilitundika kanda zote kwenye kamba, mbalimbali, zisigusane. Mbabula mbili, majiko ya makaa, nikaziweka pembeni, mbali, nikazifunika kwa bati ili joto liende kwenye hewa na sio kwenye mpira. Nilitaka joto la maji ya kuogesha mtoto mchanga, basi. Dirisha niliacha wazi kidogo, moshi wa makaa usituue.

Kukaa mle ndani kulikuwa kugumu kuliko darasa lolote. Kila mara mama mmoja aliingia na kusema tuongeze makaa, kila mara nilikataa. Mmoja alileta mbabula ya tatu chini ya kanga yake, akaisukuma chini ya kanda, na nilipoigundua nilipiga kelele ambayo ilisikika hadi kwa fundi baiskeli.

"Aa, ona," alisema huyo fundi kutoka kwenye kibanda chake. "Diplome imeanza kulia."

Nilikwenda kugusa ile kanda iliyokuwa juu ya mbabula. Pembe moja ilikuwa ya moto. Niliibonyeza kwa ukucha na kusubiri. Kama salfa ingekuwa imeamka, ukucha usingeacha alama. Uliacha alama. Niliitoa ile mbabula ya tatu nje mimi mwenyewe.

Polepole mpira ulianza kulegea. Kwanza ncha zilishuka kidogo, kama masikio ya mbwa mchovu. Kisha kanda nzima ikapinda kwa uzito wake. Niliishika moja, nikaikunja mara mbili mbele ya mjane, nikaiachia ikafunguka. Yeye aliichukua, akaikunja mwenyewe, akaifungua, akaikunja tena, kama mtu anayejaribu kidole kilichokuwa kimekufa ganzi.

"Na huu ukungu?" aliuliza.

"Si ukungu, Mama. Ni salfa. Baridi imeifukuza kutoka ndani, imetoka juu. Ikibaki hivi, mpira hautashika tairi. Lazima niioshe na petroli."

Hapo sote tulimgeukia mzee wa kamyo.

Petroli wakati ule ilikuwa kama damu. Ile ya mzee ilikuwa inatosha kwenda Kasenga, na kurudi alikuwa anamwachia Mungu. Alivua kofia, akaivaa tena.

"Unataka nitoe petroli ili kamyo ipate pine, kisha kamyo yenye pine ikose petroli?"

"Kidogo tu, Baba. Ya kulowesha kitambaa."

"Na kama pine itavuka Kasomeno kisha ngozi itoke mu pori?"

"Haitatoka."

"Nani anasema?"

"Miye."

Sitasahau mzee alivyokwenda kunyonya petroli kutoka kwenye tangi kwa mdomo wake mwenyewe, akatema, akaniletea chupa bila kunitazama. Nilipangusa kanda moja baada ya nyingine. Unga uliondoka, na mpira ukaanza kunata vidoleni kama ulimbo. Hapo nilijua umerudi.

Matairi ya nyuma yalikuwa yamekwisha kukwanguliwa na kupakwa gundi. Nilivisha la kwanza, nikalifunga ndani ya fomu, nikakaza boliti, nikawasha moto chini ya mtungi. Ilikuwa mchana mweupe. Mvuke ulipanda, sindano ya kipimo ikapanda nayo, ikasimama pale nilipotaka. Sasa kazi ilikuwa kungoja tu, na kuutunza moto usipande wala kushuka.

Nadhani ni moshi uliowaita. Gari la askari lilisimama mbele ya ua, na sajini akaingia na watu wake. Akina mama chini ya ukuta walisimama wote pamoja.

"Unapika nini mule?"

"Pine, chef."

"Bongo, unadanganya. Unayeyusha shaba ya kuiba. Fungula."

Fomu yangu, kwa asiyeijua, kweli ilifanana na kitu cha siri: chuma cha duara, boliti, mabomba, moshi. Na wakati ule mtu alipigwa risasi kwa waya wa shaba mfukoni.

"Siwezi kufungua sasa, chef. Nikifungua kabla haijaiva, mvuke utakupiga uso. Na mpira utavimba ndani kama mkate. Hautashika tena."

"Unaniambia miye kungoja? Weye uko muntu wa wapi?"

Lafudhi yangu ilikuwa imekwisha jibu. Askari mmoja alishusha bunduki kutoka begani. Nilitazama sindano ya kipimo, kwa sababu kama ningemtazama yeye ningefungua. Ilikuwa imeanza kushuka.

"Chef," nilisema, "nipige kama unataka, lakini niache niongeze kuni kwanza. Sindano inashuka."

Niliinama mbele ya bunduki nikasukuma gogo motoni. Naandika haya nikijua wapo watakaosema natia chumvi. Waulizwe wale mama ambao bado wako hai.

Ndipo mjane akapata sauti yake. Alitembea hadi mbele ya sajini, mikono kiunoni.

"Chef, nikuulize. Bukari ya unga yenye haiyaiva unakulaka?"

"Mama, toka hapa."

"Nakuuliza tu. Bibi yako akisonga bukari, unakujaka kufungula sufuria na bunduki? Ile kintu iko makuta ya sisi bote. Kama iko shaba, utatufunga bote, hata mabeseni. Kama iko pine, angalia pine za motokari yako kwanza. Ziko sawa kichwa ya Monseigneur, upara tupu."

Askari mmoja nyuma alicheka, akajifanya anakohoa. Sajini aligeuka kulitazama gari lake mwenyewe, kisha akanitazama mimi.

"Inaiva wakati gani?"

"Mtungi utaniambia."

"Kama iko shaba," alisema, "miye njo nitakuambia."

Alivuta sanduku la samaki akakaa juu yake, bunduki magotini. Na sote tukangoja: akina mama, mzee na rozari yake, askari, mimi na moto wangu. Sikuruka hata dakika moja ya ule muda. Mtu mwingine angefungua mapema ili jambo liishe. Mpira uliotolewa mapema ni laini, unachubuka siku ya kwanza; ukichelewa, unakuwa mkavu, unapasuka. Kati ya hayo mawili kuna mlango mwembamba, na mimi nilisoma miaka kuujua mlango huo.

Wakati ulipofika nilifunga mvuke, nikaachia boliti, nikainua fomu. Tairi lilikuwa ndani, jeusi, linatoa moshi, lenye meno mapya marefu. Akina mama walipiga vigelegele. Sajini alisimama akatoa kisu cha bunduki ili alijaribu.

"Bado, chef. Acha lipoe."

"Bado tena?"

"Likiwa moto linachanika kama nyama. Likipoa, jaribu utakavyo."

Mzee alitaka kumwaga ndoo ya maji juu yake, nilimzuia pia. Liliachwa kivulini lipoe lenyewe. Mwishowe sajini alilichoma kwa kisu kwa nguvu zake zote, na kisu kikamrudisha nyuma. Alirudia. Kisha akarudisha kisu kwenye ala.

"Ya kwangu ni ine," alisema, akiinua vidole vinne. "Utazifanya nyuma ya ile ya muzee."

Nilizifanya. Alilipa, jambo ambalo halikuwa la kawaida, na tangu siku hiyo hakuna aliyekuja kupekua nyumba yangu.

Matairi yake ya nyuma yalipokwisha kuvishwa yote, kamyo ya mzee iliondoka na msafara. Siku zile za kungoja sikula vizuri. Barabara ya Kasenga ni ya udongo mwekundu na mawe, na jua la mchana huipasha hata katika msimu wa baridi; kama ngozi ingebanduka mahali popote kabla au baada ya Kasomeno, samaki wangeoza, na jina langu nalo. Kila mlio wa injini nilitoka nje. Fundi baiskeli alinihesabia: "Si yeye. Si yeye. Hata ile si yeye."

Kisha siku moja ilikuwa yeye. Kamyo iliingia sokoni imejaa, maji ya barafu yanadondoka nyuma. Mzee aliteremka akapiga teke tairi la nyuma, akapiga teke na la pili.

"Imekula mawe yote ya serikali," alisema. "Haikubanduka hata ukucha."

Baada ya hapo sikutafuta kazi, kazi ilinitafuta. Kamyo zilipanga foleni hadi mbele ya kibanda cha fundi baiskeli, akalalamika kwamba zinamzibia wateja, kisha akaacha kulalamika akaanza kuwauzia madereva maji. Nilivisha matairi hadi mvua zikaanza.

Ilipofika wakati wa kulipa, shemeji yangu alikuja kunipa ushauri wa karani. Vita vilikuwa vinanukia tena, na watu walinong'ona kwamba noti za Katanga zitakuwa karatasi tupu.

"Ngojea kidogo," alisema. "Kisha utabalipa na karatasi, na wewe utabaki na mali. Sheria itakuwa upande yako."

Nilimwambia anywe kahawa yake aende. Mimi nilitaka kulipa wakati noti bado inanunua unga.

Nililipa Jumapili, baada ya misa, kwenye kiwanja cha nyuma ya kanisa, mahali likelemba ilipokutana siku zote. Petroli ya mzee nilikuwa nimekwisha kuirudisha, tangi zima badala ya chupa. Sasa walibaki akina mama. Kwa desturi yao, anayelipa husimama na wanaolipwa hukaa, na kila mmoja huhesabu kwa sauti ili wenzake wasikie. Nilianza na aliyetoa kidogo kuliko wote. Alihesabu polepole, akilowesha kidole, akasema "Imetimia," wote wakaitikia. Nikaenda kwa wa pili. Wengine walilia, mmoja alihesabu mara mbili kwa kusudi la kunitania. Wapita njia walisimama. Mjane nilimweka mwisho. Alihesabu, akafunga noti kwenye pindo la kanga, akafunga fundo juu ya fundo.

"Imetimia," alisema. "Sasa toka hapa, weye mutoto wa Kasai, twende kununua unga."

Nilikunja mkoba wangu mtupu nikauweka kwapani. Kulikuwa na njia ya mkato nyuma ya shule, lakini sikuipita. Nilirudi nyumbani kwa barabara kubwa, katikati, taratibu, ili kila mtu anione.